Umeme wa saa za kilele: maswali ya majirani wanaotaka kupangana

Mtaa ukianza kuzungumzia kupangiana saa za kutumia umeme, maswali huwa yaleyale. Nimeyakusanya hapa kuanzia yale ya mtu anayelisikia jambo hili kwa mara ya kwanza hadi yale yanayozuka miezi kadhaa baadaye, majirani wakishaanza kubanana. Unaweza kusoma lolote peke yake. Pale jibu linapotegemea jingine nimetaja namba yake.

## Msingi

1. Saa za kilele ni zipi hasa?

Ni saa ambazo matumizi ya watu wote kwa pamoja yanapanda kuliko saa nyingine za siku. Mahali pengi ni jioni, kuanzia giza linapoingia hadi watu wanapokaribia kulala: taa zinawaka, jiko linafanya kazi, maji ya kuoga yanachemshwa, televisheni iko hewani, na yote hayo katika kila nyumba. Penye joto kali viyoyozi huvuta kilele kuelekea alasiri. Penye baridi huwa na kilele cha pili asubuhi, kabla ya watu kutoka.

Mtaa wako unaweza kuwa na kilele chake, tofauti na cha gridi ya taifa. Usikisie. Kipime, kama ilivyoelezwa katika swali la 11.

2. Tatizo ni kutumia umeme mwingi, au kuutumia wote kwa wakati mmoja?

Kwa wakati mmoja. Hapa ndipo penye kiini cha kila kitu kwenye ukurasa huu, kwa hiyo nitapiga hesabu polepole.

Chukua nyumba 60 zinazolishwa na transfoma moja ya kVA 100, yaani isiyobeba zaidi ya kilowati 100. Kila nyumba ina birika la umeme la wati 2,000, na birika hilo huchukua kama dakika tano kuchemsha maji. Nyumba zote zikiwasha kwa mpigo, transfoma inadaiwa kilowati 120. Imezidiwa tayari, na bado hatujahesabu taa hata moja. Sasa zitawanye nyumba hizohizo ndani ya saa moja. Dakika tano mara nyumba 60 ni dakika 300, yaani kwa wastani mabirika matano tu ndiyo yanayochemka kwa wakati wowote. Kilowati 10.

Kila nyumba imekunywa chai yake, na mita zote kwa pamoja zimesoma uniti 10 katika hali zote mbili. Kilichobadilika ni kwamba watu hawakugongana.

3. Kilowati na uniti vina tofauti gani?

Kilowati ni kasi ya kuvuta umeme kwa sasa hivi. Uniti, ambayo ni kilowati moja kwa muda wa saa moja, ni jumla uliyokwisha kutumia. Bili huhesabu uniti. Waya na transfoma huumizwa na kilowati.

4. Kwa nini shirika la umeme lisiongeze mitambo tu?

Panapohitajika, liongeze. Kupangana kwa majirani si kisingizio cha shirika kukaa bila kufanya kazi yake, na sitaki mtu yeyote asome ukurasa huu akadhani hivyo (tazama pia swali la 25).

Lakini kilele kina tabia ya ajabu: ni kirefu kwa kimo na kifupi kwa muda. Mtambo unaojengwa kwa ajili ya saa mbili au tatu za jioni utakaa bila kazi sehemu kubwa ya siku, na gharama yake italipwa na walewale wenye mita. Mitambo inayowashwa haraka saa hizo mara nyingi ni ya dizeli au gesi, na umeme wake ni ghali kuliko ule wa mabwawa au jua. Juu ya hayo kuna upotevu: joto linalopotea kwenye waya hupanda kwa mraba wa mkondo. Mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu unakuwa mara nne. Uniti moja inayosafirishwa jioni ya msongamano inapoteza sehemu kubwa zaidi njiani kuliko uniti hiyohiyo saa 8 usiku.

Ukitaka kuona jinsi watu wasiojuana wanavyoweza kuitikisa gridi nzima, kumbuka Uingereza ya tarehe 4 Julai 1990. Timu ya taifa ya England ilikuwa inacheza nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Ujerumani Magharibi. Penalti zilipokwisha, mamilioni ya watu waliinuka mbele ya televisheni na kuwasha mabirika. Mahitaji yaliruka kwa takriban megawati 2,800. Wahandisi wa nchi hiyo walikuwa wakijiandaa kwa miruko ya namna hii kwa kufuata hata ratiba za vipindi vya televisheni, na kituo cha Dinorwig kule Wales, kinachopandisha maji mlimani wakati mahitaji ni madogo na kuyaachia yanapopanda, kilijengwa kwa sehemu ili kuikabili.

5. Kuna mahali jambo hili limefanya kazi, au ni nadharia?

Limefanya kazi kwa miongo mingi, kwa njia tofauti.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mdogo kuliko yote. Kijiji cha Rukubji nchini Bhutan kilikuwa kinategemea mtambo mdogo wa maji wa kilowati 40 kwa kaya takriban 90. Kila saa ya kupika ilipofika, majiko ya umeme ya wali yaliwashwa kwa pamoja, nguvu ikashuka, na wali ukabaki nusu mbichi. Mwaka 2011 kila nyumba iliwekewa kifaa chenye taa mbili. Ya kijani ikiwaka, nguvu ipo, pika. Nyekundu ikiwaka, mtandao umeelemewa, na asiyekuwa ameanza hawezi kuongeza kifaa kikubwa hadi hali itulie. Wanakijiji walielimishwa, wakaanza kupika mapema au baadaye kidogo. Matukio ya nguvu kushuka vibaya yalipungua kwa zaidi ya asilimia 90, na mtambo ulikuwa uleule.

New Zealand wamekuwa wakizima na kuwasha hita za maji za majumbani kwa ishara inayopita kwenye waya uleule wa umeme tangu miaka ya 1950. Ufaransa kuna mpango wa bei uitwao Tempo: siku 300 za mwaka ni za buluu, 43 nyeupe, na 22 nyekundu, na zile nyekundu huangukia majira ya baridi tu na umeme wake ni ghali sana. Mteja huambiwa rangi ya kesho mapema, akajipanga. Na jioni ya tarehe 6 Septemba 2022 huko California, joto likiwa kali na mahitaji yamevunja rekodi kwa kupita megawati 52,000, ujumbe wa dharura ulitumwa kwenye simu ukiomba watu wazime wasichohitaji. Ndani ya takriban nusu saa, mahitaji yalishuka kwa zaidi ya megawati 2,000, na mgao ukaepukwa.

Tofauti ya teknolojia hapo ni kubwa, lakini kila mahali mtu wa kawaida alipewa habari kwa wakati, akachukua hatua.

## Nyumbani kwako

6. Vifaa gani nivihamishe saa?

Tafuta vitu viwili: kinachopasha joto, na chenye mota kubwa. Hivyo ndivyo vinavyobeba kilele. Pasi huvuta wati 1,000 hadi 2,000, birika wati 2,000 au zaidi, hita ya maji yenye tanki wati 1,500 hadi 3,000, pampu ya maji ya nguvu farasi moja zaidi ya wati 750 ikishatembea, na nyingi zaidi ya hapo inapoanza kuzunguka.

Kati ya hivyo, hita yenye tanki ndiyo ya kushughulikia kwanza, kwa sababu tanki ni ghala. Lita 50 za maji zikipandishwa joto kwa nyuzi 40 hula takriban uniti 2.3. Hita ya kilowati 3 huimaliza kazi hiyo kwa dakika kama 47, na tanki lililofunikwa vizuri litahifadhi joto hilo kwa saa nyingi. Kwa hiyo washa mchana au alfajiri, oga jioni. Hakuna anayepoteza chochote.

Pasi nayo ni rahisi: piga nguo za wiki nzima siku moja asubuhi badala ya shati moja kila jioni. Pampu ya kujaza tanki la juu ifanye kazi mchana au usiku wa manane. Mashine ya kufulia vivyo hivyo.

Kupika ni jambo jingine. Watu wana njaa saa wanayokuwa na njaa, na mpango unaoanza kwa kuwaambia wazazi wacheleweshe chakula cha watoto utakufa wiki ya kwanza. Nusu saa mbele au nyuma inatosha, na si lazima kila siku.

7. Na taa, televisheni na chaja za simu?

Ziache. Balbu ya LED ni wati 9 au karibu na hapo, chaja ya simu ni ndogo kuliko hiyo kwa muda mwingi. Nimewahi kuona watu wanakaa gizani kwa moyo mwema kabisa huku hita ya bafuni ikiwaka. Balbu 200 za namna hiyo hazifikii birika moja.

8. Nizime friji saa za kilele?

Faida yake ni ndogo: friji ya kawaida huvuta wati 100 hadi 150 mota inapofanya kazi, na haifanyi kazi muda wote. Ukiizima kwa saa mbili bila kuifungua, chakula hakitaharibika, kwani friji iliyofungwa huhifadhi ubaridi kwa takriban saa nne. Lakini hatari ni kusahau kuiwasha. Ukitaka kusaidia, usiweke sufuria ya moto ndani jioni na punguza kufungua mlango. Friji yenye dawa haiguswi kabisa (swali la 19).

9. Hita yangu ni ya papo kwa hapo, ile ya kwenye bomba la bafuni. Haina tanki. Nifanyeje?

Hiyo ndiyo ngumu. Huvuta kilowati 3.5 hadi 5.5 na haiwezi kuhifadhi kitu. Njia ni kuhamisha saa ya kuoga, kufupisha muda, au kuiweka kwenye nafasi ya chini. Katika nyumba yenye watu watano, wakioga mmoja baada ya mwingine kuanzia saa 11 jioni badala ya wote kusubiri saa 2 usiku, mtaa mzima unaona tofauti. Watu wawili wenye bafu mbili wasiwashe pamoja.

10. Umeme mdogo jioni unaharibu vifaa kweli?

Inategemea kifaa. Cha kupasha joto hakiharibiki, ila kinachoka. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, nguvu ya birika inashuka kwa mraba wa uwiano huo, kufikia asilimia 61 tu. Birika la wati 2,000 linakuwa la wati 1,220, na maji yaliyokuwa yakichemka kwa dakika tano yanachukua zaidi ya nane. Ndiyo maana jioni unasimama jikoni ukisikia birika likinguruma kwa sauti ndogo, halichemki. Na ndiyo maana msongamano huzaa msongamano: kila kifaa kinakaa barabarani muda mrefu zaidi.

Mota ndizo zinazoumia. Friji, pampu au kiyoyozi kinachojaribu kuanza kwa volti ndogo kinashindwa kuzunguka, kinavuta mkondo mkubwa, na waya za ndani zinapata moto. Kifaa cha kuzima umeme volti zikishuka mno, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuwasha tena, ni kinga nzuri kwa friji.

Stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, inakulinda wewe, lakini ujue inavyofanya kazi: ili ikupe volti kamili, inavuta mkondo zaidi kutoka kwenye laini iliyokwisha kuelemewa. Nyumba nyingi zikiwa nazo, walio mwisho wa laini wanazidi kuumia.

## Kupangana na majirani

11. Tuanzie wapi?

Anzieni na daftari. Chagueni nyumba kumi hivi, zilizo karibu na transfoma na zilizo mwisho wa laini. Kwa wiki moja, kila nyumba iandike namba ya mita saa 11 jioni, saa 1, saa 2, saa 3, saa 4 na saa 5 usiku, na aliye na kifaa cha kusoma volti kwenye soketi aandike na volti pia. Ukitoa namba ya saa 1 kwenye namba ya saa 2 unapata wastani wa kilowati kwa saa hiyo. Kama mita yenu inaonyesha salio la uniti tu, toa kinyume chake.

Daftari letu la kwanza lilikuwa la shule, lenye mistari ya penseli na doa la mafuta ya taa kwenye ukurasa wa tatu. Tulikuwa tumebishana kwa miezi kuhusu nani anakula umeme. Baada ya siku saba ubishi uliisha: volti zilikuwa zinashuka saa 1 na nusu, si saa 3 kama kila mtu alivyoapa, na zilianza kupanda watu walipomaliza kuoga. Si welda wala mwenye saluni. Ni sisi wote na maji ya moto.

12. Zamu zipangwe vipi?

Gawanyeni vifaa vikubwa, si watu. Kwa mfano nyumba zenye pampu zigawanywe makundi matatu, kila kundi na saa zake nje ya kilele. Nyumba zenye hita za tanki zipewe saa za kuwasha mchana au usiku wa manane. Andikeni kwenye karatasi moja inayoonekana, na mtume ujumbe mfupi kwenye simu siku ambazo hali inatarajiwa kuwa mbaya. Ujumbe ukitumwa kila siku hausomwi tena.

Taima ya soketi husaidia kwa vifaa vidogo, lakini hakikisha inabeba mkondo wa kifaa chako. Taima ya ampea 10 kwenye hita ya kilowati 3 itaungua, kwa kuwa hita hiyo huvuta kama ampea 13. Hita ya tanki ifungiwe taima na fundi umeme, kwenye bodi ya swichi.

13. Wote tukihamia saa 4 usiku, si tutakuwa tumehamisha tatizo?

Ndiyo, na hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Mkisema "tusitumie kabla ya saa 4", saa 4 kamili swichi zote zinapigwa na kilele kipya kinaweza kuzidi cha zamani, kwa sababu sasa hita zote ni baridi kwa pamoja. Taima ndizo mbaya zaidi hapa maana hazichelewi hata dakika.

Tawanyeni dakika. Nyumba ya kwanza saa 4 na dakika 10, ya pili saa 4 na 25, na kuendelea. Njia rahisi ninayopendekeza ni kutumia tarakimu ya mwisho ya namba ya mita: mwenye 0 anaanza saa 4 kamili, mwenye 1 dakika 15 baadaye, hadi mwenye 9. Hakuna haja ya kikao, wala wa kulalamika kwamba alipendelewa jirani.

14. Umeme ukirudi baada ya kukatika, tuwashe mara moja?

Hapana. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, friji zote zimepoteza ubaridi, hita zote zimepoa, na swichi zilizoachwa zimewashwa zinasubiri. Ukirudi, kila kifaa kinaanza kwa pamoja, na mota huvuta mkondo mara kadhaa ya kawaida zinapoanza. Ndiyo sababu mara nyingi umeme hurudi kwa dakika mbili ukakatika tena: fyuzi ya laini imeshindwa.

Umeme ukikatika, zima hita, kiyoyozi, pampu, jiko na friji. Acha taa moja ikiwa imewashwa ili ujue umerudi. Ukirudi, subiri dakika 10 hadi 15, washa friji, kisha kimoja kimoja.

15. Lazima kila nyumba ishiriki?

Si lazima. Tuseme daftari linaonyesha mnafikia kilowati 110 mahali panapobeba 100. Mnachohitaji kuondoa ni 10, ambazo ni hita nne za tanki za kilowati 2.5. Nyumba nne. Kila mara nimeona watu wakistaajabu wakifika hapa, kwa sababu walidhani wanaombwa kubadili maisha ya mtaa mzima.

Chukueni zaidi kidogo ya mnachohitaji, tuseme nyumba nane, ili anayesafiri au kusahau asivunje mpango.

16. Jirani amekataa kabisa. Tumfanye nini?

Msimfanye kitu. Mwachieni nafasi ya kujiunga baadaye, mwonyesheni daftari, basi. Kikundi kinachoanza kuchungulia madirisha ya watu kimekwisha. Wengi waliokataa walikuwa na sababu waliyoona haya kuisema mbele za watu: mgonjwa nyumbani, kazi ya zamu, biashara ndogo ya usiku.

## Pesa na haki

17. Bili yangu itapungua?

Kama bei ya uniti ni moja saa zote, kuhamisha saa peke yake hakupunguzi bili, na mtu asikudanganye. Utafaidika na umeme ulio imara na vifaa visivyoungua. Kama shirika lenu lina bei inayotofautiana kwa saa, basi ndiyo, utaona tofauti mwezi huohuo. Ulizeni. Mara nyingine bei hiyo ipo kwa anayeiomba tu.

Mashirika mengine hulipa watu kwa kupunguza. Majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 mwendeshaji wa gridi ya Uingereza alifanya hivyo kupitia kampuni zinazouza umeme, na kaya na biashara zaidi ya milioni 1.6 zilishiriki. Kikundi chenye daftari lenye vipimo kina hoja ya kupeleka mezani.

18. Mimi nina taa tatu na redio. Kwa nini niombwe?

Hupaswi kuombwa. Kilele hakikujengwa na wewe. Mzigo huanza kwa wenye hita, viyoyozi na pampu, na kikundi kinachogawa kafara sawasawa kwa wote kinawaonea wenye kidogo. Kinyume chake, mara nyingi nyumba kama yako iko mwisho wa laini, na ndiyo inayopata volti mbaya kuliko zote. Volti zako ziwe ndizo kipimo cha kama mpango unafanya kazi.

19. Nani asiguswe kabisa?

Mwenye mashine ya kusaidia kupumua, mwenye dawa za kuhifadhi baridi kama insulini, nyumba yenye mtoto mchanga, mgonjwa au mzee anayehitaji joto au ubaridi. Hawa hawawekwi kwenye zamu, hawaulizwi maswali, na orodha yao haibandikwi popote. Mtu mmoja anayeaminika aijue, ili umeme ukikatika kwa muda mrefu apite kuwaangalia.

20. Namba za mita yangu zinaweza kunidhuru?

Zinaweza. Anayesoma matumizi yako ya kila saa anajua unapoamka, unapolala na siku ulizosafiri. Kwenye daftari andikeni herufi badala ya majina, jumlisheni kabla ya kuonyesha kikao, na mfute mkishamaliza. Msitume picha za mita kwenye kundi la simu.

## Jua, betri na magari

21. Nina paneli za jua. Nimeshatoka kwenye tatizo?

Mchana, ndiyo. Jioni jua limezama na unarudi kwenye laini kama wengine. Paneli zikiwa nyingi bila betri, mteremko wa mchana na mlima wa jioni huwa mkali zaidi. Huko California, mchoro wa hali hii uliotolewa mwaka 2013 ulipewa jina la bata kwa sababu ya tumbo lake la mchana na shingo yake ya jioni. Hamishia kazi zote kubwa mchana, hasa hita ya tanki (swali la 6).

22. Inveta yangu inachaji betri umeme ukirudi. Kuna ubaya?

Upo, umeme ukirudi saa za kilele. Inveta nyingi huchaji kwa nguvu kubwa mara tu umeme unapopatikana, na mtaa wenye inveta ishirini una mzigo mpya usioonekana. Nyingi zina mpangilio wa kupunguza mkondo wa kuchaji au kuchagua saa. Weka usiku wa manane, isipokuwa betri imeisha kabisa na kuna mtu anayeitegemea.

23. Pikipiki na magari ya umeme?

Chaji usiku, baada ya saa 5, kwa zamu. Pikipiki ni mzigo mdogo. Gari linalochajiwa kwa kilowati 7 ni zaidi ya hita mbili za tanki zinazowaka kwa saa nyingi mfululizo, kwa hiyo watu watatu wanaotaka magari kwenye transfoma moja wazungumze kabla ya kuyanunua.

## Mambo yenye utata

24. Taa zangu zinafifia, za jirani wa ukuta mmoja ziko sawa. Anaiba umeme?

Huenda mko kwenye fezi tofauti, yaani waya tofauti za umeme za laini moja. Laini ya mtaa kwa kawaida ina fezi tatu, na nyumba ya fezi moja huunganishwa kwenye mojawapo. Baada ya miaka ya kuunganisha wateja wapya bila mpango, fezi moja hujikuta na nyumba 35, nyingine 15, nyingine 10. Iliyojaa inashuka, nyingine zinapepea.

Pimeni volti saa ileile katika nyumba zote za daftari. Mkiona makundi matatu yaliyo wazi, pelekeni orodha hiyo shirika la umeme na muombe nyumba zisawazishwe kati ya fezi. Ni kazi ya mafundi wake wa laini. Kwenye nguzo asipande mtu mwingine yeyote.

Ipo dalili moja ya hatari: taa za baadhi ya nyumba zikififia huku za nyingine zikiwaka kwa ukali kupita kiasi, waya wa nyutro, ule unaorudisha mkondo, umelegea au kukatika. Zimeni swichi kuu na mpige simu ya dharura ya shirika papo hapo.

25. Tumejipanga miezi mitatu na jioni bado ni mbaya. Tumekosea wapi?

Pengine hamjakosea. Pimeni volti saa 9 usiku, wakati karibu kila kitu kimezimwa. Zikiwa ndogo hata saa hiyo, tatizo ni la mtandao: volti zinazofika kwenye transfoma ni ndogo, au transfoma yenyewe inahitaji kurekebishwa. Zikiwa nzuri usiku lakini zinaporomoka kwa mzigo mdogo, waya ni mwembamba au mrefu mno, au kuna kiungo kilicholegea. Hapo kupangana kwenu kumefikia mwisho wake. Daftari lenye tarehe, saa na volti ni ushahidi ambao barua ya malalamiko pekee haiwezi kuupata, na msikubali kuambiwa mpunguze matumizi kwa kosa la waya.

26. Naweza kupunguza joto la hita yangu ya tanki ili nisaidie?

Usishushe chini ya nyuzi 60 ndani ya tanki. Maji ya uvuguvugu yaliyotuama ni mahali pazuri pa bakteria wa legionela, wanaosababisha homa kali ya mapafu. Badili saa, acha joto.

27. Shirika limetuletea transfoma kubwa zaidi. Tuendelee na zamu?

Acheni zamu za kupiga pasi na kuoga. Hakuna sababu ya watu kuendelea kujibana. Hita za tanki na pampu ziacheni kwenye saa zake za mchana kwani hazimsumbui mtu. Daftari lifunguliwe jioni moja kila mwezi, nyumba tatu za mwisho wa laini zisome volti zao saa 1 na nusu. Nyumba mpya zitaunganishwa, na kwenye ukurasa huo ndipo mtakapoiona transfoma ikianza kujaa.